Siku Nilipozima Taa za Behewa

Jambo hili sijawahi kulisimulia lote, hata nyie ambao tumekaa pamoja miaka yote hii hapa Kawajense mnajua vipande tu, kwamba mama mkwe wangu aliumia kwenye treni na kwamba mimi nilikuwemo safarini, na mkiniuliza zaidi huwa nasema ni mambo ya Mungu halafu nabadilisha mazungumzo. Hayakuwa mambo ya Mungu. Yalikuwa mambo yangu mimi na bisibisi yangu, na leo nitayasema yote, maana nimeona ukikaa na aibu muda mrefu haipungui, inakaa tu pale pale inakusubiri.

Ilikuwa miaka ya tisini katikati, simu za mkononi hakuna, mimi nina kibanda cha fundi redio pale karibu na soko, Mpanda mjini, meza moja, pasi ya kuchomelea risasi na maboksi ya redio mbovu za watu. Nilikuwa fundi kweli, hilo hata adui yangu angelikubali, lakini nilikuwa na ugonjwa mmoja: nilipenda kusifiwa. Mtu akisema huyu bwana ni mtaalamu, mimi siku hiyo hata njaa siisikii.

Mke wangu Kabula ni Msukuma, kwao walihamia Majimoto na ng'ombe wao toka huko kaskazini akiwa bado mdogo. Mimi Mkonongo. Sasa mnajua Wasukuma na ukwe (wengine hapa mmeoa huko, mnajua vizuri): mama mkwe humtazami usoni, humpi mkono, huketi naye mkeka mmoja, na ukikutana naye mahali pembamba unakohoa kidogo ajue upo, halafu kila mtu anageuza uso na kupita. Yule mama aliishika mila hiyo kama anavyoshika rozari yake. Akiwa kwangu, hata nikiwa nimekaa hatua tatu tu, alikuwa anasema, Kabula, hebu muulize mwenzako kama amekula. Nami najibu kupitia kwa Kabula huyo huyo. Lakini alinipenda. Nilijua kwa sababu kila lori la mchele likija toka Majimoto lilikuwa na kiroba chenye jina langu.

Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Mchana alikuwa anaona watu kama moshi unaotembea, na jua likizama hata moshi hauoni. Tukapata habari kwamba Tabora kuna madaktari wa macho wamekuja kwa wiki mbili wanapasua, nikasema mama aletwe, nitampeleka mwenyewe. Akaja na lori, akalala kwetu siku mbili (mimi nikalala kwa jirani, chumba kilikuwa kimoja), na siku ya tatu mchana tukapanda treni, mimi, Kabula, mtoto wetu wa miezi saba, na mama.

Nilikata daraja la pili kusudi mama asikae kwenye mabenchi ya daraja la tatu na mizigo ya watu juu ya magoti. Daraja la pili ni vyumba vya vitanda, kila chumba vitanda sita, wanawake vyumba vyao na wanaume vyao, korido nyembamba inapita upande mmoja toka ncha hadi ncha ya behewa. Kila ncha ina choo, na pembeni ya mlango wa choo kuna mlango mwingine, ule wa kupitia kwenda behewa la jirani. Milango hiyo miwili imekaa bega kwa bega, inafanana kwa kila kitu. Mchana huwezi kuikosea, kwa sababu mmoja umeandikwa na mwingine una kioo.

Na hapo katikati ya behewa na behewa, kwa wale ambao hamjapita, unakanyaga mabamba mawili ya chuma yanayopishana, moja la behewa hili, moja la lile. Treni ikienda moja kwa moja yanacheza kidogo tu, lakini ikiingia kwenye kona upande mmoja unafunguka, halafu unajifunga. Mwenye macho anasubiri, anaruka, anapita.

Mhudumu wa behewa letu aliitwa mzee Salumu, Mnyamwezi mmoja mpole mwenye koti la bluu lililopauka. Alimshika mama mkono mwenyewe wakati wa kupanda, akamwonyesha Kabula choo kipo wapi, akasema taa zinawashwa saa moja jioni. Mimi chumba changu kilikuwa cha mwisho kabisa, jirani na choo. Tulikuwa watatu, mimi, mfanyabiashara wa mchele aliyekuwa anakwenda Tabora kudai magunia yake, na mzee Pius, katekista wa huko Mpimbwe, mtu wa maneno machache.

Siku hiyo kulikuwa na mechi, ile ya watani wa jadi, nchi nzima imeshika redio. Nami nilikuwa na redio kaseti yangu, ya betri sita. Tukaanza kusikiliza saa kumi, na watu wa vyumba vingine wakaja kusimama mlangoni, korido ikajaa, na mimi nimekaa katikati kama mwenye nyumba. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Cha pili kimeanza tu, redio ikaanza kuongea kwa sauti ya mgonjwa, halafu ikanyamaza. Betri zimekwisha.

Watu wakalalamika, wengine wakaanza kuondoka. Yule mfanyabiashara akasema basi tena, fundi mzima unasafiri na betri za kuazima. Alitania tu. Lakini maneno hayo yaliniingia, na hapo ndipo nilipoinua kichwa nikaiona taa ya darini.

Umeme wa behewa si kama wa mjini. Chini ya sakafu kuna dainamo inazungushwa na gurudumu kwa mkanda, inachaji betri kubwa zilizo kwenye sanduku, na betri hizo ndizo zinazowasha taa hata treni ikisimama. Haufanani na wa redio, una nguvu zaidi, lakini nilikuwa na rezista kwenye mfuko wa zana, nikajua naweza kuupunguza. Nikapanda kitanda cha juu, nikafungua mfuniko wa taa, nikaunga nyaya zangu mbili, nikazishusha kwenye redio. Tepu ya umeme sikuwa nayo. Nikafunga maungio kwa nailoni ya pakiti ya sigara.

Ikaongea. Tena kwa sauti nzuri kuliko mwanzo. Watu wakarudi, mmoja akanipigapiga mgongoni, mwingine akasema huyu angezaliwa Ulaya tungemsikia, na mimi (nawaambia ukweli wangu) nilikuwa na furaha siku ile kuliko hata siku ya harusi. Nilitamani Kabula apite aone.

Ikapita kama robo saa. Treni ikaingia mahali pabaya, ikatikisika kwa nguvu, juu pale kwenye taa pakatoka cheche moja ndogo na harufu ya kuungua, redio ikazima. Nikajua papo hapo. Nyaya zimegusana, shoti, fyuzi ya behewa imekatika. Watu waliona ni redio tu imekufa, wakacheka, wakatawanyika kutafuta redio nyingine kwenye mabehewa ya mbele.

Bado ilikuwa mchana. Taa hakuna aliyekuwa anazihitaji. Nikapanda juu upesi, nikakata nyaya zangu pale pale karibu na taa, vipande vilivyobaki nikavisukumiza ndani na nikafunika mfuniko. Sikuvitenganisha. Nilikuwa na haraka ya kuficha, si ya kutengeneza.

Mzee Pius alikuwa ananitazama. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama sitamwambia mhudumu. Nikamwambia nitamwambia, mzee wangu, jua bado lipo. Nikajipanga kichwani: nitasubiri watu wapungue koridoni, nitamfuata mzee Salumu pembeni, nitamweleza kifundi, tutacheka. Kila nilipoinuka, nikaona mtu amesimama koridoni, nikakaa tena. Mara jua likaanza kushuka kule porini, mara likazama.

Saa moja mzee Salumu akabonyeza swichi, kimya. Akaenda kwenye sanduku la umeme kule ncha ya behewa, akalifungua na tochi yake ameibana kwapani, akakuta fyuzi imekatika. Alikuwa na za akiba mbili. Akafunga ya kwanza, ikalia, ikakatika. Akafunga ya pili, nayo vile vile. Zingefanyaje, wakati vile vipande vyangu vimelaliana pale darini? Nilikuwa nimesimama hatua nne toka kwake. Nilisikia kila moja ilivyolia.

Giza likaingia kweli. Mabehewa mengine yana taa, letu tu ndilo kaburi. Watoto wakaanza kulia, mtu akamwaga chai ya moto kwenye mguu wa mwenzake, watu wakaanza kumtolea mzee Salumu maneno. Wakamwita mlevi. Wakasema ameuza fyuzi. Naye anajibu taratibu kwamba samahani, ndugu zangu, hata mimi sielewi, mchana zilikuwa nzima.

Na mimi nikaingia. Hapa ndipo huwa nakatisha hadithi hii, lakini leo sikatishi. Niliona nikikaa kimya peke yangu watanishtukia, nikasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Mtu anapewa behewa zima, hata kufunga fyuzi hajui. Ndiyo maana hatuendelei."

Wakaniunga mkono. Mzee Salumu akamulika tochi upande wangu, akanitambua, maana mchana alinisalimia kwa heshima kama fundi, akaishusha. Akasema anakwenda behewa la mbele kuomba fyuzi, tukae kwenye vyumba vyetu mpaka arudi. Akapita ule mlango wa ncha na tochi mkono mmoja na sanduku la zana mkono mwingine, na mlango akauacha wazi nyuma yake.

Niliuona uko wazi. Kulikuwa na mwanga kidogo sana unatoka behewa la jirani, unapita kwenye mlango ule, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba changu nikiutazama.

Dakika chache baadaye nikasikia kandambili zinakuja polepole koridoni, na mkono unapapasa ukuta. Nikajua ni mama kabla hata sijamwona. Baadaye Kabula aliniambia alikuwa ananyonyesha, akamwambia mama asubiri mtoto alale ampeleke chooni, mama akasema usijisumbue, njia nimeishika mchana, ni kufuata ukuta tu mpaka mlango wa mwisho.

Korido ni nyembamba. Nikafanya kama mila inavyosema, nikakohoa, nikarudi nyuma ndani ya chumba, nikageuza uso. Na naye akageuza uso, akapita. Nguo yake iligusa mlango wangu. Ningeweza kusema neno moja. Ningeweza kumwita Kabula kwa sauti. Lakini nilikuwa na aibu mbili zimenikaba kwa pamoja, ya ukwe na ile nyingine, nikabaki naangalia ukuta wa mbao.

Alipapasa, akakuta mlango uko wazi, akadhani ndio choo. Akaingia. Treni ilikuwa kwenye kona.

Sauti aliyotoa haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema jambo, halafu ikakatika, halafu ndiyo kikaja kilio. Yule mfanyabiashara wa mchele akavuta mnyororo wa hatari, treni ikaanza kufunga breki, sisi tukaangukiana, na mimi nikatambaa mpaka pale nikamkuta kwa mikono. Mguu wa kulia ulikuwa umeingia kati ya mabamba, yakaufungia. Mzee Salumu alikuwa ameshafika toka upande wa pili na tochi yake, amepiga magoti, anasukuma bamba kwa nondo, ananiambia mvute, mvute sasa. Nikamkumbatia mama mkwe wangu kifuani, mimi ambaye miaka minne sijawahi kumpa hata mkono, nikamvuta, nikambeba mpaka chumba cha wanawake. Njia nzima alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Maumivu yale yote, na bado alikuwa anajifunika uso kwa ajili yangu.

Kabula alipoushika mguu gizani na mkono ukateleza, aliita mara moja tu, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma.

Treni imesimama porini. Tochi ya mzee Salumu, kwa kuwaka muda wote ule, imeanza kuwa nyekundu. Alitokea mama mmoja abiria, mkunga, akasema anaweza kufunga kidonda lakini lazima aone anachofunga, hawezi kufunga mshipa kwa kupapasa. Mzee Salumu akauliza kwa watu wote kama kuna yeyote anayejua umeme.

Mimi nilikuwa pale pale. Damu ya mama iko kwenye mikono yangu mpaka kwenye viwiko. Na bado, ndugu zangu, sikusema. Nilikuwa natafuta maneno ya kuanzia.

Mzee Pius akasema toka nyuma ya watu, taratibu kabisa:

"Fundi, nenda ukawashe taa. Usipokwenda nitawaambia ni nani aliyezizima."

Hakukuwa tena na cha kuwaambia, alikwisha kuwaambia. Watu wakanipisha. Sijawahi kupishwa namna ile tena maishani, watu wanajibana ukutani nisiwaguse. Nikaenda chumbani kwangu, mzee Salumu akanimulikia kwa kile kimwanga kilichobaki, nikafungua mfuniko, nikavitoa vile vipande vya waya mbele ya macho yake. Alivitazama vikiwa mkononi mwangu, pamoja na ile nailoni ya sigara. Halafu tukaenda kwenye sanduku, nikachuna uzi mmoja mwembamba wa waya wa redio yangu, nikaufunga mahali pa fyuzi.

Taa zikawaka behewa zima. Haikuchukua hata dakika tano. Na kwa kuwa zimewaka, kila mtu akaona jinsi ilivyokuwa kazi ndogo.

Nikarudi kwenye mlango wa chumba cha wanawake. Mkunga ameshaanza kufunga. Sitawaeleza ule mguu. Kabula akainua uso akaniangalia mimi, akaangalia bisibisi mkononi mwangu, akaangalia taa, nikaona anaelewa kitu kimoja kimoja kwa zamu. Ningepigwa ningeshukuru, lakini hakuna aliyenigusa. Mmoja tu akasema, mtoeni mtu huyu hapa mlangoni, anamzibia mkunga mwanga.

Tulipofika stesheni ya Kaliua mkuu wa treni akataka maelezo. Nikamwambia mzee Salumu nitaandika yote, kwamba kosa si lake. Akaniangalia, akasema, "Behewa zima lilinitukana, hiyo nimezoea. Lakini wewe ulikuwa unajua. Andika." Nikaandika kurasa mbili, nikasaini. Niliitwa baadaye mbele ya hakimu, nikahukumiwa, hiyo nayo ilikuwa halali yangu na wala sio iliyoniuma.

Tabora walimkata mama vidole vyote vya mguu ule na kipande cha unyayo. Alilazwa wiki saba. Madaktari wa macho walikuwa wodi ya pili tu toka alipolala, hatua hamsini hivi, wakamaliza wiki zao mbili wakaondoka, maana mgonjwa mwenye homa ya kidonda hapasuliwi jicho. Alirudi Majimoto na macho yale yale, na fimbo.

Kabula hakuniacha. Alikaa kwao miezi mitano, akarudi, na kwa muda mrefu tuliishi kama abiria wawili waliokutana njiani. Siku nilipokwenda kumchukua nilitegemea kikao cha ukoo na maneno makali. Wazee walikuwepo, wakanisikiliza nikisema makosa yangu, wakaguna, wakasema mama mwenyewe ameomba kuongea nami. Nikamwangalia Kabula aje kukaa katikati ayabebe maneno. Mama akamwambia atoke. Akasema huyu alishanibeba, hakuna tena cha kufichana.

Nikakaa mbele yake. Ndiyo mara ya kwanza kumwona uso. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mkwe," akasema, "nilikusikia ukikohoa pale mlangoni. Nilikuwa naogopa lile giza, nilikuwa nataka kurudi. Nilipokusikia nikasema, kumbe mkwe yupo, kungekuwa na hatari angesema."

Alifariki miaka sita baadaye kwa malaria, bado haoni, na mimi ndiye niliyeshika kichwa cha jeneza, wazee waliniruhusu.

Basi ndiyo hivyo. Waya wa darini sikupaswa kuugusa, sawa, lakini hilo ni kosa la mjinga na wajinga husamehewa. Kosa langu ni saa zile mbili nilizokaa nikingoja korido iishe watu. Niliapa kwamba nikiharibu kitu nitasema hapo hapo, kabla sijaweka bisibisi chini, hata kama watu wamejaa, hata kama ni kitu cha kijinga. Na ninasema, wateja wangu wanajua, wengine wananicheka kwamba fundi gani anajishtaki. Lakini sitawadanganya kwamba siku hizi ni rahisi. Kila mara kuna ile sekunde moja ninageuza uso ukutani, na inabidi nijilazimishe kugeuka tena.